Jinsi tunavyouchambua utafiti mpya wa afya barazani (bila kukosana)

Sisi hapa Malindi tuko watu sita au saba, inategemea nani ana harusi na nani yuko baharini, na kila Jumanne baada ya isha tunakaa kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja huku mtaa wa Barani, tunachambua utafiti mmoja wa afya. Mmoja tu. Tulianza kwa hasira niwaambie ukweli, manake grupu ya mtaa ilikuwa imejaa foadi za "wanasayansi wamegundua", leo kahawa inaua kesho kahawa inaongeza umri, na kuna watu wanaacha dawa za presha kwa sababu ya sauti ya dakika mbili iliyotumwa na mtu wasiyemjua. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, nazunguka nyumba kwa nyumba, na hayo maswali yote mwisho wake yananingoja mimi mlangoni.

Watu wa Watamu na Mambrui wameniuliza mnafanyaje, basi naandika hapa mara moja nisirudie tena. Hakuna mtu kwetu mwenye digrii ya utafiti. Tuna klinikolofisa mstaafu ambaye wote twamuita Daktari, mwalimu wa hesabu, fundi mwenyewe ambaye ni Ami kwa kila mtu, kijana wa bichi anayesoma Kitaliano vizuri kuliko Kiingereza (ndo Malindi hii), na mama muuza viazi karai ambaye ndo mkali kutushinda sote.

Hatua ya 1: Tafuta utafiti wenyewe, usibishane na habari yake

Foadi haijadiliwi. Hiyo ndo sheria ya kwanza na watu huikasirikia. Ukipata habari, angalia kama imetaja jarida au chuo au jina la mtafiti, chukua maneno hayo uende PubMed, ile maktaba ya bure ya mtandaoni ya tafiti za afya, uyaandike, utatokea muhtasari. Tafiti nyingi za malaria na za huku kwetu Afrika zinasomeka zote bure, na zile ambazo wanadai dola mwandikie mtafiti, anwani yake ya imeli huwa iko kwenye ukurasa wa kwanza, wengi wanakutumia bila neno. Alafu nenda saiba uprinti nakala mbili. Usiseme kila mtu asome kwenye simu, mkifanya hivo dakika tano tu mmoja ashaingia TikTok.

Na ukitafuta ukakosa, jioni hiyo mnakunywa kahawa na kupiga stori nyingine. Kama karatasi haipatikani basi mlicho nacho ni maneno, na ya maneno hayaishi.

Hatua ya 2: Imepitiwa au bado?

Hapa nitajisema mwenyewe. Wakati ule wa korona mimi ndo niliyefoadi kwenye grupu ile habari ya aivamektini, dawa ya kuua vimelea ya watu na mifugo, kwamba kuna utafiti Misri umeonyesha inapunguza vifo vya korona sana sana. Sikuusoma. Niliona neno utafiti nikaona jedwali nikatuma, na kesho yake jirani yangu alikuwa anatoka duka la dawa za mifugo na chupa ya mbuzi mkononi. Ile karatasi ilikuwa imewekwa mtandaoni Novemba 2020 kama rasimu, yaani haijapitiwa na wataalamu wengine, na ilipofika Julai 2021 ikaondolewa baada ya mwanafunzi mmoja wa udaktari wa London kukaa nayo vizuri akakuta sehemu zimenakiliwa kwingine na takwimu zina mambo ya ajabu, kuna wagonjwa wameandikwa walikufa kabla hata utafiti wenyewe haujaanza!

Sasa rasimu sio haramu. Wakati wa mlipuko rasimu husaidia, watu hawana miezi ya kungoja jarida. Lakini lazima aliyeleta karatasi aseme mapema, jamani hii ni rasimu. Na hata iliyopitiwa, ichungulie tena PubMed kama imewekewa alama ya kuondolewa, maanake ile ya 1998 kwenye jarida la Lancet iliyounganisha chanjo ya surua na usonji ilikuwa ya watoto 12 tu na ikaondolewa 2010, miaka 12 baadaye, na bado kuna mtu atakuletea mlangoni kwako kesho asubuhi.

Hatua ya 3: Swali kwa sentensi moja ya Kiswahili

Kabla ya mtu yeyote kutoa maoni, tunaandika swali la utafiti kwa Kiswahili chetu: kina nani, walipewa nini, wakalinganishwa na nani, wakaangaliwa kitu gani. Inaonekana kazi ndogo lakini ndo inayotuchukua muda mrefu, kwasababu ukishindwa kuisema kwa Kiswahili ujue hujaielewa.

Faida yake niliiona kwa hiyo hiyo aivamektini. 2025 ulitoka utafiti wa Kwale kwenye jarida la New England Journal of Medicine, watu wa vijiji vingine walipewa aivamektini mara moja kwa mwezi miezi mitatu, wa vijiji vingine wakapewa dawa ya minyoo, albendazoli, alafu wakaangalia maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 mpaka 15. Yakapungua kwa asilimia 26. Mtu mmoja akaruka, "si mliniambia hiyo dawa ni uongo!" Hapana bwana. Dawa ni moja, maswali mawili. La kwanza lilikuwa inamponya mgonjwa wa korona? La pili ni mbu akinyonya damu ya mtu aliyeimeza atakufa, na malaria itashuka? Ndo maana swali linaandikwa kwanza.

Hatua ya 4: "Kuliko nani?"

Hili swali ni la mama wa viazi. Ukimwambia wanaokunywa kitu fulani wanaugua zaidi, yeye hana maneno mengi, atakuuliza tu, kuliko nani?

Mfano wetu wa kila siku ni kahawa, na tunaupenda kwasababu muuza kahawa huwa amesimama hapo hapo na dele lake akigonganisha vikombe. 1981 watafiti wa Harvard walichapisha kwamba kahawa inahusiana na saratani ya kongosho. Sio watu wa ovyo hao. Walichukua wagonjwa 369 wa saratani hiyo wakawalinganisha na wagonjwa wengine 644 waliolazwa, wakakuta wenye saratani walikunywa kahawa zaidi. Magazeti yakapaa nayo.

Sasa hao 644 walikuwa ni nani? Walitoka kwa madaktari wale wale waliowalaza wenye saratani ya kongosho, na daktari wa kongosho ni daktari wa matumbo, kwa hivo wengi kati yao walikuwa na shida za tumbo, vidonda na kadhalika. Na mtu mwenye vidonda vya tumbo afanya nini na kahawa? Ashaiacha kitambo. Kwa hivo huenda wenye saratani hawakunywa kahawa nyingi kuliko watu wa kawaida, ni wale waliolinganishwa nao ndo walikuwa wanakunywa kidogo kuliko watu wa kawaida. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuuona huo uhusiano. Ami alipoelewa hapo alicheka mpaka akaweka sindano chini, akasema ni kama kupima urefu wangu nikisimama na watoto wa chekechea alafu niitwe jitu.

Na msidhani tunaitetea kahawa. Zile habari za "vikombe vitatu vyaongeza umri" nazo tunazipiga kwa rungu lile lile. Mtu akianza kuugua moja ya vitu anavyoacha ni kahawa, sasa ukilinganisha wanaokunywa na wasiokunywa, hao wasiokunywa kuna wagonjwa wamejichanganya humo, lazima wanywaji waonekane wazima. Muuza kahawa hakufurahi siku hiyo lakini alitumiminia.

Hatua ya 5: Nani aliamua nani apate?

Huu ndo moyo wa jambo, kaeni hapa. Kama watu wamejichagulia wenyewe (kunywa, kula, kutembea) basi waliochagua na wasiochagua ni watu tofauti tangu mwanzo, kwa pesa, kwa umri, kwa tabia. Kama kura ndo iliyoamua, yaani bahati nasibu, yale matofauti yanagawanyika pande zote mbili na kinachobaki ni dawa yenyewe. Watu wanaona kura ni uonevu, "kwa nini mtoto wangu asipewe?" Mimi pia nilikuwa naona hivo mpaka Daktari alipotuletea utafiti wa FEAST.

Huu umefanywa hapa hapa kwetu. Hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, na ya Kenya ilikuwa Kilifi, kwa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, mtu akipanda matatu hapa Malindi anafika bila kusinzia mara mbili. Watoto 3,141 walioletwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, mikono baridi, mapigo dhaifu. Huko Ulaya na Marekani ilikuwa inajulikana miaka na miaka kwamba mtoto kama huyo unamfungulia maji ya mshipa mengi kwa haraka. Hakuna aliyebisha, kwasababu ukiyafungua unaona kwa macho yako mtoto anachangamka.

Kura ikapigwa. Kundi moja wakapewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili maji yenye albumini (protini ya damu) kwa haraka, la tatu hawakupewa ya haraka, wakapata matibabu mengine yote na dripu ya taratibu. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya kufika idadi waliyopanga, kamati inayolinda washiriki ilishaona kitu. Ndani ya saa 48 waliopewa albumini walikufa asilimia 10.6, maji ya chumvi asilimia 10.5, na wale ambao hawakupewa ya haraka asilimia 7.3.

Barazani kukawa kimya. Daktari akasema, "Mimi dripu hizo nimezifungulia kwa mkono wangu huu, na nilikuwa najiona nimeokoa." Mama wa viazi akamwambia, "Hukujua, Daktari. Hakuna aliyejua mpaka ilipopigwa kura."

Kelele zilikuwepo, kuna madaktari wa nje walisema ni kwasababu ya malaria, wengine wakasema ni kwasababu hospitali zetu hazina ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Watafiti wakagawa takwimu, wenye malaria mbali na wasio na malaria mbali, wenye damu pungufu mbali, na kila upande maji ya haraka hayakuleta faida. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, ilifika 2016 ndo ikabadilisha mwongozo wake. Kwa hivo mtu akikuambia "madaktari wote wanakubaliana", muulize wanakubaliana kwasababu wamepima ama kwasababu wamezoea.

Kitu kimoja zaidi cha kuangalia, je waliopewa walijua wamepewa nini? Kidonge unaweza kukificha kwa kidonge bandia, lakini dripu humfichi nesi. Hapo tunauliza kilichopimwa ni kitu gani. Kama ni "unasikia nafuu?" basi kujua kunaharibu. Kama ni kifo, kifo hakibishaniwi.

Hatua ya 6: Mwaga vifungo

Ami ana kopo la vifungo vya shati. Tunahesabu 100 tunamwaga juu ya meza ya cherehani, na kila asilimia lazima igeuzwe vifungo kabla haijajadiliwa.

Chukua FEAST hiyo hiyo. Unaweza kusema maji ya haraka yaliongeza vifo kwa asilimia 45, na ni kweli. Unaweza pia kusema katika kila watoto 100 vifo viliongezeka vitatu na kidogo, na hiyo pia ni kweli. Kutoka vifungo saba mpaka kumi na nusu. Mwandishi wa habari atachagua ya kwanza siku zote. Sasa watatu katika mia ya watoto wanaokufa ni wengi mno, hakuna wa kupinga. Lakini soma hii nyengine: 2015 shirika la WHO la utafiti wa saratani lilisema nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, gramu 50 kila siku zinapandisha uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mtu akasikia kumi na nane katika mia watapata saratani! La. Mwalimu akamwaga vifungo, akasema kwa mfano kama mahali fulani watu 5 katika 100 wangeipata maishani bila soseji, ukiongeza asilimia 18 ya hao watano ni kama 6. Kifungo kimoja kimehama. Ukitaka kuacha soseji acha, mimi nimepunguza, lakini umepunguza kwa kujua kifungo kimoja sio kumi na nane.

Alafu pale penye namba mbili kwenye mabano pembeni ya jibu, msiparuke. Ile 26 ya Kwale imeandikiwa kwamba ukweli unaweza kuwa kuanzia kama 5 mpaka kama 42. Mwalimu husema 26 ni pale samaki alipoonekana, wavu ni 5 mpaka 42. Wavu ukiwa mpana hivo usiende kwenye grupu ukasema "robo ya malaria imeisha". Na wavu ukigusa sifuri, basi huenda hakuna samaki.

Hatua ya 7: Nani aliachwa nje?

Kila karatasi ina sehemu inasema kina nani hawakuruhusiwa kuingia, watu wanairuka kwasababu inachosha. FEAST haikuchukua watoto wenye kuharisha kukali wala wenye utapiamlo mkali. Ni jambo la kufa na kupona hilo! Siku ile tulivyomaliza, kijana wa bichi tayari alikuwa ashaanza kuandika kwenye simu "maji ya dripu yanaua watoto" na mama wa viazi akamnyang'anya simu kabisa. Mtoto anayeharisha na macho yameingia ndani anahitaji maji, kwa mdomo au kwa mshipa, haraka, apelekwe hospitali, utafiti huu haukumgusa. Sasa mtu asome foadi yako akatae dripu ya mtoto wa kipindupindu, utamjibu nini Mola?

Na kama walioingia ni panya, au seli kwenye kisahani cha maabara, sema hivyo kwa sauti mara mbili. Mlonge na mwarobaini zote zinaua vitu vingi kwenye kisahani. Hata sabuni inaua.

Hatua ya 8: Waliangalia kwa muda gani?

Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwemo. 2011 matokeo ya kwanza ya watoto wa miezi 5 mpaka 17 yalisema ndani ya mwaka mmoja malaria imepungua kwa nusu hivi. Watu wakashangilia. 2015 yakaja ya miaka kama minne: asilimia 28 kwa waliopata dozi tatu, 36 kwa walioongezewa ya nne. Hakuna aliyedanganya, kinga ilikuwa inashuka na kadiri unavyoangalia kwa muda ndo unavyoiona ikishuka. Na WHO bado ikaipendekeza Oktoba 2021, kwasababu theluthi ya malaria ya watoto ni watoto wengi sana. Kwetu tulibishana jioni mbili kama 36 ni nyingi au ni kidogo na hatukumaliza, na hapo ni pazuri, manake tulikuwa tunabishana juu ya thamani na sio juu ya namba.

Hatua ya 9: Pesa na mkeka

Hii haraka. Nani alilipa? RTS,S ililipiwa pamoja na mtengenezaji wake, GSK. Haimaanishi ni uongo, dawa nyingi zingekosa kupimwa kabisa bila watengenezaji, inamaanisha soma hatua ya 4 mpaka 8 kwa jicho kali zaidi. Alafu angalia kama walijiandikisha kabla ya kuanza, kwenye ClinicalTrials.gov au daftari la Afrika linaloitwa PACTR, wakasema watapima nini. Kama walisema watapima vifo na karatasi inashangilia usingizi mzuri, huyo ni kama mtu anayengoja mechi iishe ndo akuonyeshe mkeka wake wa kubeti.

Hatua ya 10: Mpinzani wa zamu na daftari

Kila Jumanne mtu mmoja ni mpinzani, kwa zamu, na kazi yake ni kuupinga utafiti hata kama anaupenda. Tulianza hivo baada ya watu wawili kutosemezana wiki tatu kwa ajili ya habari za chanjo. Ukiwa mpinzani wa zamu hakuna atakayesema una kiburi, ni zamu tu, na wiki ijayo atakuwa mwengine. Usimpe zamu Daktari usiku wa kwanza, wengine watanyamaza. Anayejua zaidi aongee mwisho.

Mwisho wa kikao naandika mistari mitatu kwenye daftari la mraba: walichouliza, walichopata kwa vifungo, na kile ambacho hakituhusu au hakijulikani bado. Hiyo mistari ndo inaenda kwenye grupu, sio linki tupu. Dawa ya mtu hatumwambii aiache wala aianze, tunamwambia aende nayo kliniki akaulize, na akitaka nakala ya karatasi tunampa aende nayo.

Jumanne inayokuja zamu ya upinzani ni ya Ami. Karatasi ni ya kahawa tena, muuza kahawa ndo aliyeileta, ameiprinti kwa pesa yake.